Mlaji wa Dirishani

12 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama, na yule jogoo wenu asiyejua saa. Mimi ni mzima kabisa, na safari hii sisemi hivyo kwa adabu tu. Nimepata kazi. Kaa chini kwanza. Kazi yenyewe ni kula.

Usicheke kabla sijamaliza. Mjini huku mtu hali anapotaka, anakula anapoona wenzake wanakula. Jambo hili nimelichunguza tangu nilipofika, maana sikuwa na shughuli nyingine zaidi ya kutembea na kuchungulia midomo ya watu. Hoteli za mtaa mzima nimezijua kwa pua kabla ya kuzijua kwa ulimi. Kuna ya supu, mvuke wake unatoka hadi barabarani na kukushika kola. Kuna ya samaki, wanakaangwa wazima na macho yao. Kuna moja ya ghorofani, wanakuletea sahani pana kama ungo, katikati wameweka kitu kidogo kama kifungo cha shati, na watu wanakipiga picha kabla ya kukila, utadhani wanakiaga. Sasa utakuta hoteli mbili zimepakana, zinapika vitu vile vile, moja imejaa, nyingine mhudumu anaua nzi. Kisa ni kwamba hakuna anayetaka kuwa mtu wa kwanza kuingia.

Basi mimi nimeajiriwa kuwa huyo mtu. Kuna bwana mmoja, wote wanamwita Tajiri, ana hoteli tano. Aliniona nikila mkate mkavu kwenye benchi la kituo cha basi, akasema hajapata kumwona binadamu anayekula mkate mtupu kwa heshima namna ile. Kila hoteli yake ina meza ya dirishani. Nakaa hapo saa sita hadi saa nane, nakula, wapita njia wananiona, wanaingia. Jumatatu supu, Jumanne samaki, hivyo hivyo hadi Ijumaa. Nina mashati matano ili nisionekane mtu yule yule. Nisishike simu, nisiangalie saa, nisitazame nje, na nisimalize haraka. Mengine nimejifunza mwenyewe. Ukifumba macho kidogo baada ya kumeza, wanaingia wawili. Ukipuliza kijiko anaingia mama mwenye watoto, kwa kuwa amejua chakula ni cha moto. Ukicheka peke yako, wanavuka barabara.

Msomee Mama habari za samaki wa juzi. Ngozi ilikuwa imekauka hadi inalia ukiigusa kwa uma, na ndani nyama nyeupe inajiachia yenyewe kutoka kwenye mwiba, kama mtu anayevua koti akifika nyumbani.

Mdogo wako,
Profesa


8 Machi

Mdogo wangu Profesa,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na tisa, na ilifika imelowa pembeni kama imekuja kwa miguu. Lakini usipige simu. Mama anasema simu haisomeki mara tatu. Miguu yake bado imevimba, daktari amemkataza chumvi, kwa hiyo siku hizi anakula kwa masikio. Huyo samaki nimemsoma hadi nimemkariri. Mara ya tatu Mama akaniambia, "Wewe unasoma mbio, unamuunguza." Jogoo tumemla. Alikuwa mgumu.

Nimefurahi umepata kazi. Nimepika shule ya bweni miaka ishirini na sita, watoto mia nne kila siku, na sijapata kusikia mtu analipwa kwa kushiba. Labda ndiyo mambo ya mjini. Ila jiko nalijua, liwe la shule au la Tajiri. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu, na usinijibu kwa mzaha. Kiti hicho kilikuwa na mtu kabla yako? Yuko wapi?

Mama anauliza kama hao samaki walikuwa na ndimu.

Dada yako


5 Aprili

Dada,

Shikamoo. Poleni kwa miguu ya Mama, na poleni kwa jogoo, ingawa nadhani mwenye kustahili pole ni yeye. Ndimu ilikuwepo. Mwambie ilikuwa nusu nzima.

Mtu wa kabla yangu alikuwepo, wanamwita Bonge. Mto wa kiti bado una shimo lake. Nikikaa nazama mpaka meza inanifikia kifuani, kama mtoto aliyeletwa kula na wakubwa. Nilimuuliza mhudumu, mama mmoja mwenye maneno ya kuhesabu, "Bonge yuko wapi siku hizi?" Akasema, "Alipungua." Nikasema, "Alipunguzwa kazi?" Akasema, "Sikutaja kazi," akaenda kufuta meza iliyokuwa safi.

Sasa sikia habari njema. Nimepandishwa cheo. Sizunguki tena. Tajiri ameniweka kwenye hoteli yake moja tu, ya nyama, inayojaa kuliko zote, na chumba amenipa, nyuma ya hiyo hoteli. Saa zangu nazo zimesogezwa. Nakula saa tano asubuhi, kabla ya wateja. Meza ni ile ile ya dirishani, ila pazia linakuwa limeshushwa. Saa saba wanalipandisha, wanafungua mlango. Mpishi mwenyewe ananiletea sahani na kusimama mlangoni mwa jiko, mikono kifuani, mpaka nimeze tonge la mwisho. Hata waziri hapati hilo.

Alhamisi ndiyo siku ya sahani kubwa. Asubuhi gari jeupe lisilo na maandishi linaleta nyama, na ikifika saa tano imeshakuwa mchuzi mzito, umejaa pilipili na viungo hadi machozi yanakutoka. Siku nyingine Mpishi hatii viungo namna hiyo. Nilimkaribisha Mpishi tule pamoja. Akasema yeye amekuja na chakula chake, akanionyesha kopo la viazi vya kuchemsha. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mpishi gani anayekikimbia chakula alichopika mwenyewe?" Hakucheka. Hapa watu ni wagumu kucheka, nafikiri ni joto la jiko.

Tajiri naye ananijali mno. Kila siku asubuhi ananipigia simu, nimelalaje, tumbo linasemaje. Hata wewe hujawahi kuniuliza habari za tumbo.

Na kwa kuwa umeanzisha maswali, na mimi nina langu. Kwa nini uliacha jiko la shule katikati ya muhula? Hapo nyumbani wote wanasema ulistaafu. Ulikuwa umebakiza miaka tisa.

Profesa


22 Aprili

Profesa,

Marahaba. Mama hajambo, anakusalimu. Mvua zimeanza na paa la jikoni linavuja pale pale ulipoliziba.

Barua yako nimemsomea nusu. Nilipofika kwenye pazia nikamwambia karatasi imeishia hapo. Akasema, "Mbona naona maandishi upande wa pili?" Macho yake siku hizi hayaoni sindano, ila hilo aliliona.

Nakuuliza kama mtu anavyomuuliza mtu mwenye akili zake. Mlaji wa dirishani, pazia limeshushwa, anaonwa na nani? Tajiri amewahi kukuuliza kama chakula ni kitamu? Hata mara moja? Na kuanzia saa tano mpaka saa saba, wanangoja nini?

Siandiki mengi. Ukikaa kitako dakika mbili bila kujichekesha utayajibu mwenyewe. Niandikie upesi.

Hilo uliloniuliza liache.

Dada yako


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Ukiona mwandiko si wangu usishtuke. Nimejikata kidole, kwa hiyo mimi nasema na mhudumu wa hotelini anaandika. Ndiyo sababu nimechelewa. Ni kidole tu.

Maswali yako niliyapata. Wewe tangu zamani ukiona wingu unaanua nguo. Tajiri ni mtu mwema. Juzi alikuja mwenyewe chumbani kwangu na matunda, akakaa pembeni ya kitanda, akaniuliza nitarudi lini mezani. Nimemwambia Alhamisi.

Chakula ni kizuri. Mwambie Mama ni kizuri. Leo sina cha kueleza zaidi.

Profesa

Dada, mimi ndiye niliyeandika hayo. Haya ya chini yeye hayajui. Kidole chake hakina kitu. Hawezi kushika kalamu kwa sababu mkono unatetemeka, na leo ni siku ya kumi na moja amelala. Bonge naye alianza hivi. Nina watoto na kazi yangu naihitaji, kwa hiyo maneno haya hukuyapata kwangu.


9 Juni

Mdogo wangu,

Salamu za Mama utazipata siku nyingine. Leo hajui kama ninakuandikia. Amelala chumba cha pili na nimefunga mlango.

Uliniuliza kwa nini niliacha jiko. Nitakujibu mara moja, halafu tusirudi tena hapo.

Shuleni tulikuwa na mlinzi wa geti, jitu kubwa lenye mzaha, watoto walimwita Komandoo. Kila siku saa nne nilimpelekea sahani ya kwanza. Watu walidhani nina yangu naye. Yeye nilimwambia ni heshima ya geti, na aliamini, akawa anavua kofia kabla ya kula. Ikija nyama nisiyoiamini, nilimpa hiyo, kisha namtazama kupitia dirisha la jiko. Ikifika saa sita yuko wima, ananipigia saluti kwa mbali, nagonga kengele, watoto wanakula. Miaka sita alipiga saluti.

Siku hiyo nyama ilikuwa na harufu. Niliiosha kwa siki mara mbili, nikaongeza viungo. Sasa unajua kwa nini barua yako ya Aprili sikuweza kuimaliza kwa sauti. Komandoo alikula saa nne, akasifu. Saa sita alipiga saluti, tena kwa mbwembwe. Niligonga kengele. Saa kumi na moja jioni wakaja mbio kuniambia kaanguka getini, na walipokuwa bado wananieleza, bweni la wadogo likaanza kutapika. Watoto thelathini na mmoja. Mmoja hakurudi darasani. Huyo alikuwa hapendi nyama. Nilimsimamia mwenyewe na mwiko wangu mkononi, nikamwambia amalize, atapata nguvu.

Shule ikasema ni maji. Mimi nikastaafu.

Umeelewa ninachokuambia? Saa mbili hazitoshi. Tumbo halina haraka. Tajiri wako anakutazama mpaka saa saba, anakuona unacheka, anafungua mlango, na wewe unaugua jioni wakati wao wameshalipa na kwenda zao. Huwalindi. Wala huumii peke yako. Wangapi wameugua Alhamisi hizo na hawajui wamlaumu nani? Huko hakuna bweni, kila mtu anaugulia kwake.

Ondoka kwenye hicho kiti. Sikuombi.

Dada yako


14 Julai

Dada,

Shikamoo. Mwandiko ni wangu, ingawa unayumba. Mpe Mama salamu, na usimfungie mlango tena kwa ajili yangu.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Ulisema tusirudi tena hapo, na sirudi.

Kiti nimekiacha. Nilipoipata barua nilikuwa nimesharudi mezani, sikwambii mara ngapi. Tajiri hakugomba. Alisema tu nikae chumbani mpaka nipate nguvu, kiti hakina miguu ya kukimbia.

Hospitalini nimekwenda. Kwenye benchi la kungojea nilikaa jirani na mtu mwembamba, shingo imepwaya ndani ya kola, suruali ameikunja kiunoni na kuifunga kwa kamba ya kiatu. Muuguzi akachungulia mlangoni, akaita, "Bonge!" Nikacheka, nikaangalia huku na huku nimwone huyo Bonge. Akainuka yeye.

Alipotoka kwa daktari nikamwambia mimi ndiye niliyemrithi kiti. Hakushangaa. Akaniuliza, "Mlango bado wanafungua saa saba?"

"Bado."

"Na pazia?"

"Linashushwa."

Akakaza kamba ya suruali. "Mimi walikuwa hawalishushi. Basi nyama imezidi kuharibika." Alilisema kama mtu anayesema mvua imezidi. Nikampa maji yangu ya chupa. Akaigeuza chupa, akakitazama kifuniko kama kimeshafunguliwa, akanirudishia.

Sasa nifike ninapopakwepa tangu mstari wa kwanza.

Alhamisi iliyopita nilikwenda pale hotelini, kwa mlango wa mbele. Nia yangu ilikuwa moja, kumwambia aliyekaa dirishani. Nilijua lazima kuna mtu, maana asubuhi nimelisikia gari jeupe likirudi nyuma chini ya dirisha langu. Nilifika pazia ndiyo kwanza linapandishwa. Alikuwa mama wa makamo, amevaa vizuri, hereni ndogo, taratibu kama walaji wote wa pale bado anafuta mabaki ya mchuzi kwenye sahani kwa kipande cha mkate, kwa heshima zote. Nikampungia mkono: acha. Akadhani namsalimu, akanipungia. Nikamwonyesha sahani, nikajishika tumbo, nikakunja uso. Akacheka, akaniashiria niingie, kipo kingi.

Sikuondoka. Nilisimama pale na paji la uso kwenye kioo, natafuta ishara ambayo mtu hawezi kuielewa vibaya. Labda dakika kumi. Unajua mimi hujivunia kuwachunguza watu, nimekuandikia kurasa nzima juu ya vijiko na macho. Lakini hili sikuwa nalijua: mtu aliyeganda nje anatazama chakula kwa macho ya namna ile huwavuta watu kuliko yule anayekula ndani.

Nilipogeuka walikuwa tisa. Wamejipanga mstari nyuma yangu, kimya, kwa adabu, wakidhani nangoja kufunguliwa. Mafundi wawili wenye rangi kwenye viatu. Msichana wa ofisini na kitambulisho chake shingoni. Mzee na gazeti. Baba mmoja amembeba binti yake mabegani, wa miaka sita hivi, nywele zimesukwa upande mmoja tu kama walitoka nyumbani kwa haraka.

Mlango ukafunguliwa. Tajiri mwenyewe ndiye aliyekuwa ameushika. Hakukunja uso. Akasema kwa sauti ya kutosha wote, "Karibu, Profesa. Umepona?"

Yule baba akamshusha mtoto, akanisogelea sikioni. "Kaka, wewe wanakufahamu hapa. Eti chakula chao ni kizuri?"

Mstari mzima ukasogea wasikie. Mtoto alikuwa ameshika suruali yangu ili asisukumwe. Nyuma ya Tajiri nilimwona mhudumu, yule aliyekuandikia, anatikisa kichwa, na mpaka leo sijui alikuwa ananiambia usiseme, au alikuwa ananiambia wasiingie. Chumba ninacholala ni cha Tajiri. Dawa ninazokunywa ananiletea Tajiri. Sahani zilikuwa zimeshapangwa mezani, ndani kunanukia viungo, kunanukia vizuri kweli, dada, hilo huwezi kulikana. Na Tajiri alikuwa anatabasamu, anangoja jibu langu kama wao, mlango wazi mkononi.

Nilimjibu yule baba. Neno moja tu.

Barua imekuwa ndefu na mkono umechoka. Mwambie Mama wiki hii nakula mayai, nachemsha mwenyewe.

Profesa


2 Agosti

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo.

Ulimjibu nini?

Dada yako